Seyidie: Mkoa Uliosahaulika na Wilaya Zake

Utangulizi

Mwanafunzi anayefungua ripoti za kila mwaka za utawala wa kikoloni, zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, hukutana na jina ambalo huenda hakuwahi kulisikia nyumbani wala shuleni. Jina hilo ni Mkoa wa Seyidie. Makao yake makuu yalikuwa Mombasa, na ulidumu kwa takriban robo karne, tangu mwaka 1895 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baada ya hapo jina lilifutwa, likafuatwa na Mkoa wa Pwani, nao pia ukaondoka katika muundo wa ugatuzi ulioanza kutekelezwa mwaka 2013.

Mtu anaweza kuuliza: kuna faida gani ya kufukua jina la mkoa uliokwisha kufa? Makala haya yanajibu kwamba faida ipo, na ni ya aina mbili. Kwanza, jina lenyewe ni somo la lugha. Limeundwa kwa kanuni ambayo Kiswahili kinaifahamu, ingawa liliandikwa kwa tahajia ya kigeni. Pili, mipaka na sheria zilizowekwa chini ya jina hilo zingali zinagusa maisha ya wakazi wa bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe. Mkazi wa sehemu hizo anayeambiwa kuwa nyumba ni yake lakini ardhi iliyo chini ya nyumba si yake, anaishi ndani ya uamuzi uliopitishwa katika siku za Seyidie. Tutaanza na jina, tuende kwenye wilaya, kisha tufike kwenye ardhi, na mwisho tueleze jinsi jina lilivyokufa na lililobaki baada yake.

Asili ya jina

Neno Seyidie linatokana na Seyyid, likiongezewa kiambishi cha nisba cha Kiarabu -iyya, chenye maana ya "inayohusiana na" au "ya". Muundo huu si mgeni katika Kiswahili. Tunaposema tarika ya Kadiria tunamaanisha tarika inayonasibishwa na Sheikh Abdulkadir. Kwa kanuni hiyo hiyo, Seyidie ni nchi inayonasibishwa na Seyyid. Lau jina hilo lingeandikwa kwa masikio ya Mswahili, yumkini lingekuwa Seyyidia. Wakuu wa Kiingereza waliliandika kwa namna zaidi ya moja, na Seyidie ndiyo iliyokita katika maandishi ya serikali.

Seyyid anayetajwa hapa ni nani? Katika pwani yetu neno hili lina matumizi mawili yasiyofaa kuchanganywa. Kwa upande mmoja, seyyid ni sharifu, mtu wa kizazi cha Mtume, na heshima yake ni ya nasaba na ya dini. Kwa upande wa pili, Seyyid ni lakabu ya kisiasa ya watawala wa ukoo wa Albusaidi, waliotoka Omani na kufanya makao Unguja. Jina la mkoa linafuata maana hii ya pili. Mkoa wa Seyidie ulikuwa, kwa tafsiri nyepesi, "nchi ya Sultani wa Unguja".

Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kupimwa na wageni kabla mkoa haujazaliwa. Mwaka 1886, katika zama za Sultani Barghash bin Said, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kutambua kuwa mali ya Sultani barani ni ukanda wenye upana wa maili kumi za baharini kutoka ufukweni. Ukanda huo ulianzia Ghuba ya Tungi, iliyo Msumbiji ya leo, hadi Kipini penye mlango wa Mto Tana. Ziliongezwa bandari kadhaa za kaskazini, Kismayu ikiwa mojawapo. Mwaka 1887 Barghash aliikodisha sehemu ya kaskazini ya ukanda huo kwa chama cha wafanyabiashara Waingereza, kilichopata hati ya kifalme mwaka 1888 na kujulikana kama Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kisha mwaka 1890 Wajerumani walilipa alama milioni nne wakainunua kabisa sehemu ya kusini ya Mto Umba. Waingereza hawakununua, wao waliendelea kukodi.

Tofauti hiyo kati ya kununua na kukodi ndiyo inayoeleza jina la Seyidie. Kampuni iliposhindwa na gharama za utawala, serikali ya Uingereza ilichukua nchi mikononi mwake na kuitangaza kuwa Himaya ya Afrika Mashariki mnamo Julai 1, 1895. Tarehe 14 Desemba mwaka huo mkataba ulitiwa saini na Sultani Hamed bin Thuwaini. Kwa mujibu wa mkataba huo Waingereza wangeutawala ukanda wa pwani kwa niaba ya Sultani, naye angelipwa pauni 17,000 kila mwaka: pauni 11,000 zikiwa kodi ya ukanda, na pauni 6,000 zikiwa faida ya asilimia tatu juu ya deni la pauni 200,000. Bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu hadi mwaka 1963. Kwa hiyo kuuita mkoa huu Seyidie kulikuwa kukiri kwamba mwenye kutawala na mwenye nchi ni watu wawili tofauti.

Mpangilio wa utawala

Kamishna wa kwanza wa Himaya, Arthur Hardinge, ambaye pia alikuwa balozi mkuu wa Uingereza Unguja, aliigawa nchi katika mikoa minne. Mikoa hiyo ilikuwa Seyidie, makao yake Mombasa. Tanaland, makao yake Lamu. Jubaland, makao yake Kismayu. Na Ukamba, iliyoelekea bara. Mwaka 1902 nchi za magharibi zilizokuwa sehemu ya Uganda ziliongezwa katika Himaya, na mikoa ikazidi.

Ikumbukwe kwamba jina na mpaka havikulingana. Iwapo Seyidie ilikuwa nchi ya Seyyid, basi Lamu na visiwa vyake, ambavyo pia vilikuwa mali ya Sultani, vilistahili kuwamo. Lakini viliwekwa Tanaland. Kismayu nayo iliwekwa Jubaland. Kinyume chake, baada ya muda Seyidie ilikuja kubeba nchi za Wagiriama na Wataita zilizokuwa nje kabisa ya maili kumi, ambako Sultani hakuwa na mamlaka yoyote yaliyotambuliwa. Mpaka ulifuata urahisi wa utawala, ilhali jina lilifuata mkataba. Tutaona baadaye kwamba pengo hilo kati ya jina na mpaka halikuwa dogo.

Ndani ya mkoa, kila wilaya ilikuwa na mkuu Mwingereza. Chini yake liliachwa daraja la maofisa wa Sultani: liwali katika miji mikubwa, mudiri katika midogo, na kadhi katika mambo ya sheria ya Kiislamu. Salim bin Khalfan Albusaidi alikuwa liwali Malindi, kisha Mombasa. Mwanawe, Ali bin Salim, alimfuata katika kazi hiyo na kuwa mmoja wa watu mashuhuri kabisa wa pwani katika zama za ukoloni.

Msamiati wa daraja hili unafaa kuangaliwa na mwanafunzi wa Kiswahili. Liwali ni al-wali ya Kiarabu, iliyoingia pamoja na kibainishi chake ikapoteza irabu ya mwanzo. Wilaya imetoka katika mzizi ule ule. Kwa hiyo asili ya neno wilaya ni eneo la wali, eneo la mwenye kuwakilisha mamlaka ya mwingine. Vivyo hivyo mudiri na idara ni ndugu wa mzizi mmoja. Waingereza walipokuja na mpangilio wao, Kiswahili hakikuhitaji kuomba maneno London. Kilikuwa na ghala lake tayari. Cheo cha liwali kilitoweka baada ya uhuru, lakini wilaya ilibaki ikienea hadi nchi ambazo hazikuwahi kumwona wali hata mmoja.

Wilaya za Seyidie

Mwanzoni mkoa ulikuwa na wilaya tatu: Vanga kusini, Mombasa katikati, na Malindi kaskazini.

Vanga ilikuwa wilaya ya mpakani. Mto Umba uliokuwa ukiitenga na nchi ya Wajerumani haukuwa mpaka wa kale wa wenyeji. Wadigo na Wavumba waliishi pande zote mbili. Ulifanywa mpaka na makubaliano ya Ulaya, na mauzo ya mwaka 1890 yaliupa uzito. Katika wilaya hii ndimo ulimokuwa mji wa Gazi, makao ya Mbaruk bin Rashid Mazrui. Mara tu baada ya Himaya kutangazwa, mgogoro wa urithi wa uliwali wa Takaungu uligeuka kuwa vita vya Wamazrui dhidi ya Waingereza. Vita hivyo viliendelea hadi mwaka 1896, Mbaruk alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Tunaweza kusema kwamba mkoa huu ulizaliwa vitani, na kwamba waliopigana hawakuwa wakikubali kwamba pwani yote ni ya Seyyid. Wamazrui walikuwa wameitawala Mombasa kwa muda mrefu kabla ya Seyyid Said bin Sultan kuwaondoa mwaka 1837. Kwao wao, jina Seyidie lilikuwa jina la mshindi.

Malindi ilikuwa wilaya ya mashamba. Katika karne ya 19 nafaka zake zilisafirishwa ng'ambo, na kilimo hicho kilitegemea kazi ya watumwa. Mwaka 1907 hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria katika Himaya. Wengi walioachwa huru hawakuwa na ardhi yao; walibaki wakilima pale pale walipokuwa, juu ya ardhi ya waliokuwa mabwana zao, au walihamia kwingine wakafyeka mahame.

Mombasa ilikuwa kitovu, yenye bandari, ofisi na reli. Kwa miaka ya mwanzo ilikuwa pia makao ya Himaya nzima, hadi makao hayo yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1905. Tangu hapo mji uliozoea kutawala ukaanza kupokea amri kutoka bara, na Seyidie ikawa mkoa miongoni mwa mikoa.

Baadaye orodha iliongezeka. Taita iliingizwa, na ikaundwa wilaya iliyoitwa Nyika kwa ajili ya nchi za nyuma ya pwani. Jina hili nalo ni la kuzingatiwa. Nyika ni pori kame, na "Wanyika" lilikuwa jina walilopewa na watu wa mjini wale ambao wenyewe walijitambua kwa majina yao: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Wajibana na Wakauma. Jina Mijikenda, yaani miji tisa, lilienea baadaye, katika miaka ya 1940, likachukua nafasi ya lile la dharau. Utawala uliotumia jina Nyika katika barua zake ulikuwa umekwisha kuamua, kabla ya kuandika sentensi ya pili, kwamba anayekaa huko ni mtu wa porini.

Mambo ya mwaka 1913 na 1914 yanaonyesha gharama ya uamuzi huo. Charles Hobley alikuwa mkuu wa Mkoa wa Seyidie wakati serikali ilipotaka kodi na vibarua kutoka kwa Wagiriama, na ilipotaka kuwaondoa kaskazini ya Mto Sabaki. Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu wasikubali. Alikamatwa mwaka 1913, akapelekwa Kisii, akatoroka mwaka 1914. Mwezi Agosti mwaka huo Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, vita vikazuka, na Wagiriama waliposhindwa walitozwa faini ya rupia 100,000. Watu waliokuwa nje ya mamlaka ya Sultani walipigwa na mkoa uliobeba jina la Sultani, kwa amri ya serikali isiyokuwa ya Sultani.

Bara ya Mombasa

Tugeukie sasa sehemu zilizo karibu na kisiwa. Kisauni iko kaskazini, ng'ambo ya mkono wa bahari. Changamwe na Jomvu ziko magharibi, zikiunganishwa na kisiwa pale Makupa. Likoni na Mtongwe ziko kusini, ng'ambo ya kivuko. Zote zilikuwa ndani ya maili kumi, na zote zilikuwa katika Wilaya ya Mombasa.

Ingekuwa kosa kuziona sehemu hizi kama viunga vilivyoota baada ya mji. Waswahili wa Mombasa hujitambua kama Thenashara Taifa, na majina yenyewe yanatupeleka bara. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wapaza, Wabajuni na Wakatwa. Changamwe na Jomvu ni majina ya taifa kabla ya kuwa majina ya maeneo ya bunge. Watu wa mjini walikuwa na makonde na mashamba yao ng'ambo. Walivuka asubuhi kwenda kulima na kurudi jioni, au walihamia huko msimu wa kilimo.

Majina mengine ya bara yanasimulia kazi za mahali. Likoni ni "penye liko", na liko ni mahali pa kutulizia chombo na kushusha watu na mizigo. Jina hilo lilikuwa sahihi zama za madau, na lingali sahihi zama za feri. Katika upande wa Kisauni, wamishonari Waanglikana walianzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kengele iliyowekwa hapo ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, ambalo kila abiria wa matatu analitaja leo bila kuuliza ni kengele gani. Changamwe nayo ilibadilishwa na reli, iliyoanza kujengwa kisiwani mwaka 1896, ikavuka Makupa na kupita hapo kwenda bara. Tangu siku hizo Changamwe imekuwa mahali pa mtu wa kazi.

Kwa hiyo, serikali ilipoanza kuuliza ardhi ya bara ni ya nani, iliwakuta watu wa aina nyingi: Thenashara Taifa wenye makonde ya kurithi, matajiri wa mjini wenye mashamba makubwa, Wamijikenda waliokuwa wakilima na kuzika humo, walioachwa huru wasiokuwa na jadi ya kutaja mbele ya hakimu, na wageni wa reli na bandari. Jibu lililotolewa ndilo urithi mzito kuliko wote ambao Seyidie imetuachia.

Ardhi na hati

Mwaka 1908 ilipitishwa sheria ya hati za ardhi iliyohusu ukanda wa pwani. Ilimtaka kila anayedai ardhi kuwasilisha dai lake katika muda uliowekwa. Dai lilipimwa, na likikubaliwa mdai alipata hati ya umilikaji kamili. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai, au ambayo dai lake lilikataliwa, ilihesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Kazi hiyo ilisitishwa mwaka 1922 kabla ya pwani yote kumalizika.

Kwa juujuu sheria hii ilikuwa ya haki, kwani mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Lakini kuingia kulihitaji mambo matatu: kupata habari, kuwa na ushahidi wa aina iliyokubalika, na kudai kama mtu mmoja. Mfanyabiashara wa mjini mwenye waraka wa kadhi alikuwa na yote matatu. Mzee wa Kidigo wa Likoni, ambaye haki yake ilitokana na ukoo, makaburi na miti iliyopandwa na babu, hakuwa na waraka. Wala haki yake haikuwa ya mtu mmoja. Watu wengi wa namna yake hawakudai, ama kwa kutojua, ama kwa kutoona sababu ya kuomba kilicho chao.

Hapa ndipo jina la mkoa linaporudi. Hoja yetu ni kwamba Seyidie haikuwa lebo tu. Ilibeba dhana kwamba ukanda wote una mwenyewe mmoja, Seyyid, na kwamba raia wake ndio wenye kutambuliwa kuwa wamiliki chini yake. Mwenye kuishi katika ukanda lakini asihesabiwe miongoni mwa watu wa Seyyid alionekana kama mpita njia, hata kama kaya ya mababu zake ilikuwa ya kale kuliko utawala wa Albusaidi. Hatudai kwamba Sultani aliyatunga haya. Mkataba ulitiwa saini Unguja, sheria iliandikwa na Waingereza, na hata sehemu ya Thenashara Taifa walijikuta wakishindania ardhi yao katika mabaraza ya serikali. Wala si haki kumwona kila mwenye hati ya kale kuwa mnyang'anyi. Wapo waliorithi kwa halali mashamba yaliyolimwa na wazee wao kwa vizazi vingi. Tunachosema ni kwamba wazo la nchi yenye mwenyewe mmoja liliwarahisishia waandishi wa sheria kutowaona wengi waliokuwa mbele ya macho yao.

Matokeo yake yaliendelea baada ya jina kufa. Katika bara ya Mombasa ukaota utaratibu ambao mtu hujenga nyumba juu ya kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya ardhi. Nyumba inaweza kuuzwa, kurithiwa na hata kuwekwa rehani kwa jirani, lakini ardhi haimo. Tarehe 5 Oktoba 1963, katika makubaliano yaliyouachia ukanda kwa Kenya huru, serikali ya Jomo Kenyatta iliahidi kuhifadhi mahakama za kadhi na kuziheshimu hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani. Ahadi ya kwanza iliwalinda wengi. Ya pili iliwalinda wenye hati, na kwa kufanya hivyo iliivusha sheria ya 1908 hadi ndani ya uhuru. Mwaka 2016 serikali ilitoa hati kwa wakazi wa shamba moja kubwa la Likoni baada ya mvutano wa miaka mingi. Tendo hilo lilionyesha kwamba jambo linaweza kutatuliwa. Lilionyesha pia jinsi utatuzi ulivyochelewa.

Kufa kwa jina

Mwaka 1920 Himaya ya Afrika Mashariki iligawanywa kisheria: bara ikawa Koloni la Kenya, na ukanda wa Sultani ukawa Himaya ya Kenya. Muda mfupi baadaye Seyidie na Tanaland ziliunganishwa, na mkoa mpya ukaitwa Pwani. Vanga ikawa Wilaya ya Digo, yenye makao yake Kwale, na hatimaye Wilaya ya Kwale. Jubaland ilikabidhiwa kwa Italia mwaka 1925, ikawa koloni la pekee kwa mwaka mmoja tu kabla ya kumezwa na Somalia ya Kiitalia mwaka 1926.

Kwa nini Pwani liliishi na Seyidie likafa? Sababu ya kiutawala iko wazi: ukanda wa Sultani ulipopata jina lake la kisheria, mkoa haukuhitaji tena kulibeba. Sababu ya lugha ina uzito zaidi. Pwani ni jina ambalo wenyeji walikuwa nalo. Linaeleza mahali, halielezi mwenyewe. Seyidie lilikuwa jina la karatasini. Mvuvi wa Mtongwe hakuwahi kusema anatoka Seyidie. Hakuna mtaa, ngalawa wala kisima kilichoitwa hivyo.

Mfano wa mbali unatusaidia kuona jambo hili. Japani, mwaka 1869, iliyavunja majimbo makongwe mawili ya kaskazini, Mutsu na Dewa, na kuunda majimbo madogo, Rikuzen na Iwaki yakiwemo. Miaka miwili tu baadaye muundo mwingine wa utawala ulishika nafasi yake. Hata hivyo majina hayo hayakufa: mpaka leo ipo miji ya Rikuzentakata na Iwaki. Watu waliyachukua wakayaishi. Seyidie halikupata bahati hiyo.

Wala jambo hili halikukoma kwa wakoloni. Mnamo miaka ya 2000 wilaya mpya ziliundwa kwa wingi nchini Kenya, na bara ya Mombasa ilipata yake: Wilaya ya Kilindini, iliyojumuisha Changamwe na Likoni, huku Kisauni ikibaki na kisiwa. Katika sensa ya mwaka 2009 wilaya hiyo ilihesabiwa kuwa na wakazi wapatao 416,000. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba wilaya zilizoundwa nje ya sheria ya mwaka 1992 hazikuwa halali. Katiba ya mwaka 2010 ikaja, kaunti zikaanza kazi mwaka 2013, na Kilindini ikarudi kuwa jina la bandari na la taifa mojawapo la Waswahili. Wilaya iliyokuwa na watu wengi kiasi hicho ilipita, na vijana wengi waliozaliwa ndani yake hawajui kwamba iliwahi kuwako.

Hitimisho

Tumeona kwamba Seyidie lilikuwa jina la Kiarabu lenye sarufi inayofahamika kwa Mswahili, lililochaguliwa na Waingereza ili kutaja nchi waliyoikodi. Tumeona kwamba wilaya zake zilichorwa kwa mikataba ya ng'ambo na kwa haja za utawala, na kwamba sheria ya ardhi iliyopitishwa katika siku zake imedumu kuliko jina lenyewe. Mikoa hufa, wilaya hubadilishwa majina, lakini karatasi iliyopigwa muhuri chini ya jina lililokufa huendelea kusema kwa niaba yake.

Kwa hiyo wanafunzi wa Kiswahili wana kazi mbili mbele yao. Ya kwanza ni kukusanya majina ya mahali ya Likoni, Kisauni na Changamwe kutoka vinywani mwa wazee: majina ya maliko, ya makonde, ya visima na ya makaburi. Mengi hayamo katika ramani yoyote, na kila jina la namna hiyo ni ushahidi kwamba kulikuwa na mtu hapo kabla ya karani wa hati kufika. Kazi ya pili ni kuzisoma nyaraka za Seyidie kwa jicho la lugha, ili tujue ni maneno gani yaliyowafanya baadhi ya watu kuonekana wenyeji na wengine kuonekana wageni katika nchi moja. Wanahistoria na wanasheria wamekwisha kuanza kazi hiyo kwa zana zao. Zana yetu ni neno, na neno Seyidie linatosha kuwa mwanzo.